Mume wangu anaijua miji kwa namba

Baba Imani aliendesha trela miaka 11 kwenye ile haiwei ya I-40 inayokatiza majimbo ya New Mexico na Arizona kule Marekani, na nilivyomwambia safari hii nataka tulale Seligman akanijibu "aah, 123" kama mtu aliyetajiwa jirani yake. 123 ni namba ya egziti, yaani njia ya kutokea kwenye haiwei. Kule namba za egziti zinahesabiwa kwa maili kuanzia mpaka wa magharibi wa jimbo, kwa hiyo ukiiona namba unajua na maili zilizobaki, na dereva wa trela ndo vitu anavyoishi navyo hivo. Grants kwake ni 85. Holbrook 286. Winslow 253. Williams 163. Nikamuuliza sasa huko 123 kuna nini? Akafikiri weee. "Kuna sheli," akasema. "Halafu ukitoka pale kuna kamlima."

Miaka 11, na anachokijua ni sheli na kamlima.

Basi alipoacha kazi ile nikasema sawa, sasa tunarudi njia hiyo hiyo lakini ndani tutaingia. Tukakodi motohomu pale Albuquerque, ile nyumba ya magurudumu ya futi 25 ambayo kitanda kimoja kinakaa juu ya kichwa cha dereva, na mimi nikaweka sharti moja tu kabla hata hatujasaini: maili 100 kwa siku, hakuna kuzidisha. Alicheka hadi yule kijana wa kaunta akatuangalia. Mtu ambaye sheria ya kazi yake inamruhusu kuendesha masaa 11 kwa siku na alikuwa anayatumia yote mpaka dakika ya mwisho, leo unamwambia maili 100, yaani hata kiti hakijapata joto. Albuquerque mpaka Kingman ni kama maili 465, kwake ni siku moja na chenji inabaki. Sisi tukazigawa siku nane, na ya tisa tukaiweka ya Oatman, ntafika huko.

Kwa asiyejua, hii I-40 imelala pembeni, na pengine juu kabisa, ya barabara ya zamani inaitwa Route 66 ambayo ilianza rasmi mwaka 1926, kutoka Chicago mpaka Santa Monica kule baharini, kama kilomita 3,900. Ilikuwa inapita katikati ya miji, mbele ya milango ya watu. Halafu haiwei kubwa zikajengwa zikipita nje ya miji, mji mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1985 Route 66 ikafutwa kwenye orodha ya barabara za taifa. Vipande vyake vingi bado vipo na unaviendesha vizuri tu, ila lazima ukubali kutoka kwenye egziti, na kutoka kwenye egziti bila kutia mafuta ndo kitu mume wangu hajawahi kufanya maishani.

Siku ya kwanza tumefika Grants saa 6 mchana. Akapaki, akazima gari, akakaa ameshika usukani. "Sasa?" Nikamwambia sasa hakuna, tumefika. Akashuka akazunguka gari akipiga piga matairi kwa ngumi kama anavyofanyaga kwenye trela, akarudi, akakaa tena. Ilikuwa saa 6 na robo.

Tukaenda kwa miguu kwenye makumbusho yao ya madini, unashuka chini kabisa kwa lifti kwenye mgodi waliouiga, giza na reli na vile vibehewa. Grants ulikuwa mji wa karoti, kweli karoti, mpaka mwaka 1950 mchungaji mmoja wa kondoo wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa huko, Paddy Martinez, alipookota jiwe lenye rangi ya njano huko milimani, na kumbe ni urani. Mji ukalipuka kwa watu na pesa kwa miaka 30 hivi halafu migodi ikafungwa. Baba Imani alisimama mbele ya picha za wachimbaji mda mrefu. Tulipotoka akasema na mimi nilikuwa najiuliza zile sheli zote tatu egziti 85 zinauzia nani. Nikajisemea moyoni haya, kidogo kidogo.

Gallup sina la kusema sana, tulilala karibu na reli, na kwa kuwa hakuna aliyetuonya tuliamka kila baada ya dakika 20. Treni za mizigo upande ule hazilali. Asubuhi macho mekundu kama tumetoka msibani.

Kuna kitu cha saa kimetuchanganya lazima nikisimulie. Ilikuwa Septemba. New Mexico wakati wa kiangazi wanasogeza saa mbele, Arizona hawasogezi, kwa hiyo ukivuka mpaka unapata saa moja ya bure, mpaka hapo rahisi. Ila ardhi ya Wanavajo iliyomo ndani ya Arizona, yenyewe inasogeza. Sasa simu yangu ikishika mnara wa huku inasema saa 4, ikishika wa kule inasema saa 5, saa ya mkononi ya Baba Imani haijaguswa tangu Albuquerque, na ile ya kwenye jiko la motohomu ilikuwa inawaka 12:00 tangu tumeikodi. Tulibishana nani yuko sahihi kama maili 15 nzima. Mtu wa trela saa kwake ni dini, alikuwa na hasira kabisa. Mwishowe akaivua ya mkononi akaitupia kwenye droo ya vijiko na haikutoka humo mpaka tunarudisha gari.

Sasa Holbrook. Holbrook ndo tulikutana na tenki.

Motohomu ina matenki matatu chini ya tumbo. La maji safi, la kijivu ambalo ni maji ya sinki na bafu, na jeusi ambalo ni la choo, sina haja ya kufafanua. Kila siku mbili tatu unaenda sehemu ya kumwagia, unavaa glavu, unaunga mpira mnene kutoka kwenye gari mpaka kwenye tundu la chini, unafungua jeusi kwanza likaisha, halafu kijivu, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Mimi nilisoma kitabu. Nilisoma chote, usiku ule wa treni. Mume wangu akasema ameendesha gari lenye matairi 18 hawezi kusomewa kitabu cha choo.

Akainama, akashika kile kifuniko cha bomba, akakizungusha. Kitabu kilisema (nilikuwa nakisoma kwa sauti nimesimama hatua tatu nyuma, akili kichwani) kabla ya kutoa kifuniko hakikisha valvu mbili zimefungwa mpaka mwisho. Ya kijivu ilikuwa imefungwa. Nyeusi ilikuwa imebaki wazi upana wa kidole. Kifuniko kiliruka, na kilichofuata nikikumbuka hadi leo naziba pua, kikamwagikia viatu, viatu vyeupe vipya alivyonunua kwa ajili ya safari. Na yeye badala ya kuisukuma valvu akawa anajaribu kurudisha kifuniko, kwa mkono, glavu bado ziko mfukoni! Nikapiga kelele "valvu Baba Imani, valvu!" na kutoka gari la pembeni akashuka mzee mmoja mrefu, kimya, amevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, akasukuma ule mkono wa valvu kwa kidole kimoja, akachukua mpira wa maji ukutani akaanza kusafisha sakafu. Hakusema neno. Alipomaliza akamwangalia mume wangu viatu, akatikisa kichwa mara moja kwa heshima, akaondoka. Nadhani kila mtu wa motohomu ana siku yake hiyo na yule mzee alikuwa nayo kitambo.

Viatu tulivitupa. Kitabu alianza kukisoma jioni ile ile, eti anatafuta habari za taa.

Kesho yake hatukusogeza gari kituo kingine kabisa, tukaenda na kurudi kwenye hifadhi ya Petrified Forest, maili 26 hivi nyuma tulikotoka. Miti iliyogeuka mawe, ina zaidi ya miaka milioni 200, ukikata gogo ndani kuna rangi kama za kanga, nyekundu, njano, zambarau. Mimi nilikuja kwa miti. Yeye kilichomshika ni kingine. Humo ndani ndo hifadhi ya taifa pekee yenye kipande cha Route 66 ya zamani, na wameweka gari bovu, Studebaker la mwaka 1932, lenye kutu tupu, kuonyesha barabara ilipita wapi. Lami haipo, imebaki mistari ya nguzo za simu inaenda mbali nyasini mpaka inapotea. Ukisimama pale unaiona I-40 chini yako, trela zinakimbia kama siafu. Baba Imani aliegemea ile nguzo ya kwanza akawa anaziangalia. "Yule amebeba mzito, angalia anavyohema kwenye mlima." "Yule ni mgeni, breki zimewaka mapema." Nikamuuliza ukiwa kule chini ulikuwa unaona hili gari? Akasema hapana. Unaangalia kioo, unaangalia mbele, unaangalia saa.

Tulikaa pale karibu saa nzima, mimi ndo nikaanza kuhimiza tuondoke. Mimi! Mwenye sharti langu!

Winslow nilipapenda kuliko kote, nikiri. Kuna hoteli moja ya reli, La Posada, ilichorwa na mwanamke, Mary Colter, ikafunguliwa mwaka 1930, wakati mbaya kabisa wa kufungua hoteli kwa sababu ndo uchumi umeanguka dunia nzima. Ikafungwa 1957, shirika la reli likaigawa ofisi, ikabaki kidogo ibomolewe, ikafunguliwa tena 1997. Bei yake ya kulala sikuuliza, nilijijua, lakini kukaa bustanini hakuna anayekufukuza. Mgongo wa hoteli ni haiwei ya zamani na uso wake umegeukia reli, kwa maana enzi hizo mgeni wa maana alikuja na treni. Tukaleta viti vyetu viwili vya kukunja, wazo la Baba Imani siyo langu, na tukakaa kuangalia treni zile zile zilizotunyima usingizi Gallup. Akahesabu mabehewa. Treni moja ilikuwa na 112. Akasema hizo ni kama trela 200 ukizingatia makontena yamebebana, na dereva wa mbele kule wala hashiki usukani. Sikujua kama anawaonea wivu au anawasikitikia, na sikuuliza.

Flagstaff siyo mji mdogo kwa hiyo naipita mbio, niseme tu iko juu, mita 2,100, usiku tuliona moto. Namaanisha baridi. Hita ya gesi inanguruma kila baada ya robo saa, na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana, nyuzi kama 93 hivi, chai inatoka imepauka hata ukiiacha jikoni. Ni huko walikoigundua Pluto mwaka 1930. Kwa baridi ile naamini hawakuwa na la kufanya usiku zaidi ya kutazama juu.

Williams tukasimama kula mchana. Huo ndo mji wa mwisho wa Route 66 kupitwa na haiwei, tarehe 13 Oktoba 1984, na wenyewe una bahati kwa sababu treni ya kwenda Grand Canyon, lile korongo kubwa, inaanzia pale, kwa hiyo watu wapo, maduka yapo, hata foleni ya kupaki ipo. Baba Imani akasema 163 haikuumia sana. Nikagundua ameanza kuipa miji pole kama wagonjwa.

Seligman ndo 123 yenyewe. Tulifika saa 9 alasiri, jua kali, barabara moja pana, majengo ya chini pande zote mbili, magari ya zamani yamepakiwa mbele ya maduka, masanamu madirishani, basi zima la watalii linashuka linapiga picha linapanda. Ukiangalia haraka utasema ni sehemu ya kuuza sumaku za friji, na kweli sumaku zipo. Lakini tarehe 22 Septemba 1978 haiwei ilifunguliwa maili moja na kitu pembeni, na magari yaliyokuwa yanapita mbele ya milango, maelfu kwa siku, yakahama siku ile ile. Siyo kupungua polepole, ni kama mtu amefunga bomba. Mji huo ulikuwa na kinyozi, Angel Delgadillo, mzaliwa wa pale pale wa mwaka 1927, na huyo kinyozi akakataa. Miaka karibu tisa anaandika barua, anaita mikutano, mpaka mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuihifadhi barabara na jimbo la Arizona likakubali kuitambua rasmi kama barabara ya kihistoria. Majimbo mengine yakafuata. Kiti chake cha kunyolea bado kipo dukani.

Mimi niliingia dukani. Baba Imani alibaki nje kwenye benchi, na nilipotoka na soda mbili hakuipokea yake, alikuwa anaangalia upande wa haiwei. Ukitulia unaisikia kabisa, ule mvumo.

"Mama Imani, nilikuwa natia mafuta pale," akanyoosha kidole. "Dakika 15. Naweka mguu juu ya tairi, nakula mkate, naondoka. Hata sijawahi kugeuza shingo."

Nikakaa. Hatukuongea. Soda yake ikapata joto nikainywa mimi.

Usiku tulilala kempu ndogo pale pale, na kama saa 4 alitoka nje peke yake na tochi, nikafikiri anaangalia gesi, kumbe ameenda kutembea barabara nzima mwanzo mwisho. Alirudi akasema ni hatua elfu moja na mia nane. Bado anahesabu, huyo haponi.

Kutoka Seligman barabara ya zamani inaachana kabisa na I-40, inapanda kaskazini inapita Peach Springs kwenye ardhi ya Wahualapai, nao ni wenyeji wa asili, inazunguka inakuja kushukia Kingman, kama maili 87. Karibu hakuna gari. Tuliendesha maili 45 kwa saa na hakuna aliyetupigia honi, na hapo ndo nikamsikia anaimba. Miaka 24 ya ndoa sikujua kama anaimba akiendesha. Au labda trela ilikuwa inaimba naye, mimi sikuwepo.

Ya mwisho, Oatman. Ukitoka Kingman kuna maili 28 hivi na katikati kuna mlima, unapovukia panaitwa Sitgreaves Pass, kona juu ya kona, hakuna ukingo wa chuma sehemu nyingi, unaangalia dirishani unaona magari yaliyotangulia zamani yamelala bondeni na kutu yao. Kabla ya kupanda kuna kibao: magari yanayozidi futi 40 marufuku. Baba Imani akasimamisha gari kabisa mbele ya kile kibao akakisoma tena. Trela lake lilikuwa futi 70 na kitu. Sisi 25. Akanigeukia anacheka kama mtoto aliyeingizwa bure mpirani.

Kupanda alitumia gia ya pili muda wote, mikono miwili kwenye usukani, vyombo nyuma vinagongana kwenye kabati, mimi nimeshika mlango kana kwamba mlango ungenisaidia. Juu kabisa alisimama tukapumua. Halafu kushuka, polepole kuliko kupanda, ananielekeza kama mwanafunzi: huoni, breki siweki mguu muda wote, naiacha gia ishike, breki ukiilalia inapata moto inakataa. Nimeolewa na fundi wa kushuka milima na nilikuwa namlazimisha aangalie mawe.

Oatman ulikuwa mji wa dhahabu, ilipatikana nyingi mwaka 1915, na migodi ikafungwa 1942 wakati wa vita serikali iliposema dhahabu siyo ya lazima, inatakiwa madini mengine. Wachimbaji wakaondoka wakawaacha punda wao waliokuwa wanabeba mizigo. Punda wakazaana. Wajukuu wa wale ndo wanaotawala mji mpaka leo, wanalindwa na sheria ya mwaka 1971 ya farasi na punda wa porini, na wanaijua vizuri hiyo sheria.

Kwenye kona ya kuingia mjini tukamkuta mmoja katikati ya barabara. Kijivu, tumbo kubwa, masikio yameelekea pande tofauti. Tukasimama. Hakusogea. Nikasubiri honi, kwa sababu namjua mume wangu, huyu ni mtu aliyewahi kumpigia honi ng'ombe aliyekuwa upande wa pili wa uzio. Badala yake akazungusha ufunguo, injini ikazima, kimya kikaingia.

"Hapa namba ngapi?" nikamtania.

Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akafikiria kwa makini kabisa. "Hapa hakuna egziti," akasema. Punda akaja taratibu mpaka ubavuni, akapima kioo cha pembeni, akaanza kukilamba. Nyuma yetu gari jingine limesimama, na la tatu, wote wameshusha vioo. Baba Imani akasogeza kiti nyuma, akavua kofia akaiweka kwenye dashibodi.

"Ile chupa ya chai iko wapi?" akaniuliza.